Onja Kwanza, Ndipo Utie Bizari

Siku ambayo mama mkwe wangu alimwaga chini chungu kizima cha chakula, katikati ya njaa ya vita vya Maji Maji, sijaisahau hata chembe, mwanangu. Ndani ya chungu kile mlikuwa na bizari yangu. Mbele yake alikuwa ameketi mtoto ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni. Nilimtazama mama mkwe nikasema moyoni, huyu mama amerukwa na akili. Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na nikipata mkwe wa kufanya nilivyofanya mimi, nitamwaga vilevile, na chungu chenyewe nitakivunja.

Sogea huku, upande wa sikio zima. Nasikia unaolewa. Nasikia pia umenunua bizari iliyokwisha kusagwa, imefungwa kwenye karatasi kama ugoro, na unajisifu kwamba ukitia hiyo chakula chochote kinalika. Neno hilo ndilo lililonifanya nikuite. Najua vijana hampendi maneno marefu. Mimi nami ya mafupi sijajaliwa, kwa hiyo mmoja wetu itabidi avumilie, na mwenye umri ni mimi.

Mimi ni mtoto wa Mohoro. Usiitazame Mohoro ya leo. Wakati ule ulikuwa mji wenye maduka ya Wahindi, na boma la Mdachi, na watu wa kila namna wanaoshuka na mto kuuza mpunga. Baba yangu alikuwa akiuza nguo. Mama yangu alikuwa hauzi kitu, ila mchana akipika, wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo nje ya ua wetu, na wengine walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana salamu za kumpa baba.

Kitu cha kwanza alichonifundisha jikoni hakikuwa kusonga ugali wala kukuna nazi. Alinifundisha bizari nyembamba, ambayo yeye akiiita uzile. "Usiitie mbichi," akiniambia, "mbichi inanuka kwapa. Teleka chungu kikavu, moto mdogo, uitie, ukoroge, na usiondoke hata wakisema nyumba inaungua. Ikianza kunukia, itoe. Ukingoja uone moshi umechelewa." Kisha unaitwanga ikiwa bado ya moto, katika kinu kidogo, papo hapo utakapoitumia. Na unatia kiasi cha kushikwa na ncha za vidole, si gao la mkono. Mama alikuwa akisema bizari ni mgeni wa heshima: akija peke yake nyumba inapendeza, akija na ukoo wake wote mwenye nyumba hana pa kukaa. Iliki unaweza kuizidisha ukasamehewa, mdalasini vilevile. Bizari ikizidi, kila aliyekula anajua, na anakwenda kusema.

Nilipoolewa nikapelekwa Mkongo, kule juu mtoni, kwa Athumani, mkulima wa mpunga. Mama alinifungia bizari katika kitambaa cheupe, fundo kubwa kama ngumi ya mtu mzima, akaniambia, "Ukweni bibi harusi hana mdomo. Ukiwa na neno, pika." Nikaenda nalo kiunoni.

Mama mkwe wangu akiitwa Binti Mkumba. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, asiyecheka na mtu kabla jua halijapanda. Kwake chakula ni wali, kambale, nazi na chumvi, basi. Siku ya kwanza nilipopika mimi, nilipika wali wa kuku na bizari yangu, nikampelekea kwa kupiga goti na macho chini kama nilivyofundwa. Alijaribu kwa ncha ya ulimi, akala tonge moja, akatoa punje iliyoponyoka kinuni, akaiweka kiganjani akaitazama.

"Hii nini?"

"Bizari, mama."

"Wali wetu una kosa gani mpaka ufunikwe?"

Mwanangu, niliwaka. Nilijiona nimetoka mjini nimekuja kuishi na watu wasiojua chakula. Lakini nilipokwenda kuchukua sinia nilikuta hakuna hata ukoko, nikasema, aha, basi maneno yako nimeyasikia na tumbo lako nalo nimelisikia. Tukaishi hivyo, yeye akinguruma na mimi nikitwanga.

Kisha vikaja vita. Wewe umevisoma shuleni, mimi nimevila. Mdachi alikuwa amewalazimisha watu walime pamba katika shamba la jumbe, na wakati unapalilia pamba yake, mpunga wako unaliwa na ndege na nguruwe, na ukichelewa ni viboko. Moto ulipowaka kule Umatumbi habari zilipanda mto haraka kuliko mtu anavyoweza kutembea. Baada ya habari walikuja askari. Wakachoma maghala, wakachoma na madungu yetu, vile vibanda vya juu kwa juu ambavyo sisi Warufiji tunakaa shambani kulinda mpunga. Athumani alikamatwa njiani, akabebeshwa mizigo ya askari kuelekea Kilwa, tukawa hatujui yu hai au amekufa. Mto ulijaa ukapungua, ikafika wakati wa mlau, pale tunapopanda kwenye tope maji yanaporudi, na hapakuwa na mbegu ya kupanda. Mbegu ilikuwa imeungua ghalani.

Mwenye njaa hana miiko, walisema waliotutangulia. Tulikula vitu ambavyo nikikutajia leo hutakula mchana. Na katika vyote hivyo, kilichotuweka hai kilikuwa ndiga.

Ndiga ni kiazi cha mwitu. Mwaka wa neema hakuna anayekitazama, kwa sababu kina sumu. Ukikila hivihivi kinakulevya: ulimi unakufa ganzi, kichwa kinazunguka, miguu inakukataa, na wapo waliolala wasiamke. Lakini Binti Mkumba alikulia nacho, alikijua tangu njaa za utoto wake. Alikuwa anakimenya, anakikatakata vipande vyembamba, anavitia katika kapu la ukindu, kisha analifunga kapu kwenye kigingi ndani ya uzio tunapochotea maji, ule uzio wa kuzuia mamba. Mto unapita juu yake usiku na mchana, unaondoka na sumu. Siku ngapi? Nilimwuliza. Akanijibu, "Siku haijui. Ulimi ndio unaojua."

Na hapo ndipo palipo na mwiko mmoja ambao hata njaa haikuuvunja. Ndiga ikitoka mtoni na kuchemshwa, haitiwi chumvi, haitiwi nazi, haitiwi kitu chochote, mpaka aliyeiloweka aonje kipande kitupu. Anakitafuna taratibu, anameza, anakaa kitako na kungoja mpaka kivuli cha nyumba kisogee. Hakuna anayemsemesha. Akisema, "Imekubali," watu wanakula. Akiinuka bila neno akabeba kapu kurudi mtoni, watoto wanakunywa maji wanalala. Nilimwona Binti Mkumba akiinuka hivyo mara nyingi, na watoto wa jirani wakimtazama mgongo.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinanisumbua. Mama mkwe wangu alikuwa na kitinda mimba, binti mdogo aliyekuwa bado anang'oa meno ya utoto, akiitwa Siwema. Nduguze wengine waliomtangulia walikwisha kuzikwa katika njaa ile ile. Athumani hajulikani aliko. Siwema ndiye aliyekuwa amebaki kwa mama yake, na Siwema alikuwa anakataa ndiga. Ndiga iliyokoshwa vizuri haina ladha ya kitu, ni kama kutafuna kitambaa kilichofuliwa. Alikuwa anaificha shavuni, tukigeuka anaitema nyuma ya mtungi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini, na kila mwanamke wa Mkongo alijua maana yake. Nilimpenda mtoto yule. Ndiye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa anacheka nikisema maneno ya kimjini.

Siku hiyo Binti Mkumba alikwenda msituni kuchimba. Mimi nimebaki na Siwema, amelala juu ya mkeka, hata nzi hamfukuzi. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Nikaenda mtoni, nikalifungua kapu, nikajisemea siku zilizopita zinatosha. Nikachemsha, nikaponda. Kisha nikafungua fundo langu. Lilikuwa limebaki dogo, nilikuwa nalitunza kama dhahabu. Nikateleka kichungu kikavu, nikakaanga, nikatwanga.

Harufu ile, mwanangu. Sijui ni miezi mingapi nyumba ile haikunukia kitu ila moshi na homa. Siwema aliinuka mwenyewe. Aliinuka kwenye mkeka, akaja akishika ukuta, mkononi ana kifuu chake cha kulia chakula, akauliza, "Wifi, kuna harusi?" Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikachanganya bizari ndani ya ndiga, nikalamba mwiko, nikaona ni tamu. Kila kitu kilichonukia kilikuwa kitamu mwaka ule.

Nilikuwa nakijaza kifuu chake pale Binti Mkumba alipoingia. Alisimama mlangoni akanusa. Hakuuliza nimetoa wapi, hakuuliza kwa nini.

"Umeionja kabla hujaitia hiyo?"

Nikautazama mwiko nilioulamba.

Akachota kwa kidole, akaweka ulimini, akatema. Akainua chungu kwa mikono miwili na kukimwaga nje mbele ya mlango, kisha akachukua jembe na kuchanganya chakula kile na udongo, kwa sababu alijua mtoto atakwenda kukizoa. Siwema alilia kilio ambacho watoto wenye njaa huwa hawana nguvu ya kukilia. Na mimi, ambaye nilikuwa sijamtazama mama mkwe usoni tangu niolewe, nilimtazama.

"Unamwua mwanao," nikamwambia. "Alikuwa anakwenda kula."

Yeye akakaa chini palepale kando ya ule udongo, jembe mapajani. Nikaona anafuta kidole chake udongoni ili asikilambe. Kumbe na yeye njaa ilikuwa inamuuma, na alikuwa ametoka kumwaga chakula chake mwenyewe.

"Ndiga haina rafiki ila uchungu wake," akasema. "Uchungu ndio unaokwambia ngoja. Wewe umekwenda kuufunga mdomo, kisha unampa mtoto. Bizari yako sina ugomvi nayo. Lakini la kuvunda halina ubani, mwanangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwanangu, na mimi nilikuwa na hasira mno hata sikuisikia. Nilisikia baadaye, jioni, wakati ulimi wangu ulipoanza kuwa mzito na nyumba kunizunguka, kwa kulamba ule mwiko tu. Nilitapika mpaka nikabaki mtupu. Aliyenishika kichwa ni yeye. Hakunikumbusha kitu. Alinipangusa kwa upande wa nguo yake, na mimi nikawa nafikiria kifuu kile kilikuwa kikubwa kiasi gani na yule mtoto alikuwa mdogo kiasi gani.

Sitaki udhani nimekaa hapa nijilaumu. Nilitaka mtoto ale, na mwenye kutaka mtoto ale hana dhambi. Nilikuwa najua kitu kimoja na sikujua cha pili, na Mungu alinipa mtu wa kunifundisha cha pili kabla sijazika mtu. Nashukuru mpaka leo. Lakini ngoja, hayajaisha, na hapa ndipo ninapojisifu kidogo.

Kesho yake tulirudisha ndiga mtoni, zile za zamani nilizobakiza kapuni na alizochimba mpya. Baada ya hapo Binti Mkumba akashikwa na homa. Homa ya mtu aliyechoka, iliyokuwa ikingoja nafasi. Akalala, na ulimi wake ukawa mweupe, maji akisema matamu na chumvi akisema haina kitu. Siku ya kutoa kapu la zamani ikafika, na wa kuonja hakuna. Akaniita kwa kidole mpaka nikaweka sikio karibu na mdomo wake. "Wewe," akasema. Neno moja, basi.

Siku hiyo alikuja shangazi yake Athumani, Mwanahamisi, dada wa marehemu baba mkwe wangu. Huyo akikohoa ukoo mzima unakaa sawa. Alikuja na njaa yake, na alisikia habari za bizari yangu. Nikachemsha ndiga. Nikachukua kipande kitupu, nikatafuna, nikameza, nikakaa kitako. Mbele ilikuwa safi. Lakini nyuma kabisa ya ulimi, pale koo linapoanzia, palikuwa na kitu kidogo, kama mtu anayekugusa bega asiseme. Kivuli kiliposogea kilikuwa kingalipo.

"Bado," nikasema.

"Bado nini," akasema shangazi. "Mtoto anakwisha, huoni? Una bizari kiunoni. Tia, chakula kiingie."

"Bado, shangazi."

"Mtoto wa Mohoro ananifundisha mimi ndiga?"

Mwanangu, uelewe uzito wa jambo hili. Mimi ni bibi harusi, mume sina, mama mkwe ni mgonjwa, na anayeniamuru ndiye mkubwa wa nyumba. Siwema amenitazama kwa yale macho makubwa. Nikikataa na mtoto akafa usiku ule, nitakuwa nimemwua mimi, na hakuna mtu Mkongo atakayenisalimia tena. Na ule uchungu ulikuwa mdogo. Ncha za vidole tu za bizari, hakuna ulimi katika nyumba ile ambao ungeusikia.

Hiyo hasa ndiyo sababu nilikataa. Niliinuka nikabeba kapu, nikamwambia, "Shangazi, ukisema sina adabu utakuwa umesema kweli, na nitakuja kukuangukia miguuni. Lakini hii hakuna atakayeila leo." Nikapita mbele yake, jambo ambalo mwanamke aliyefundwa hafanyi, nikaenda mtoni nikalifunga kapu kwenye kigingi. Moyoni nilikuwa imara. Nilikuwa nimeonja, nilikuwa najua, na mtu anayejua hana haja ya kupiga kelele.

Niliporudi shangazi alikuwa bado anasema. Nikamwacha aseme. Nikafungua fundo, nikachukua punje za bizari, nikazikaanga, nikazichemsha kwa maji na chembe ya chumvi, nikamnywesha Siwema kidogo kidogo ya uvuguvugu, kama mama alivyokuwa akitupa tukiumwa tumbo. Peke yake katika maji bizari haina la kuficha. Mtoto alikunywa. Akaomba tena. Nikakaa naye mapajani mpaka alipolala, na shangazi naye akalala palepale kwenye mkeka, kwa sababu hasira bila chakula haifiki mbali.

Asubuhi nilikwenda mtoni mwenyewe. Nikachemsha, nikatafuna kipande kitupu, nikameza. Mbele safi. Katikati safi. Nyuma, pale pale, nikasubiri na kusubiri, na hapakuwa na mtu tena begani. Shangazi alikuwa amekaa mbele yangu na safari hii hakusema hata neno. Kivuli kikasogea.

"Imekubali," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni.

Ndipo nikatoa bizari yote iliyobaki. Nikaikaanga kwa moto mdogo bila kuondoka, nikaitoa ilipoanza kunukia, nikaitwanga ya moto, nikachanganya na ndiga iliyopondwa. Siwema alikula. Hakuficha shavuni. Alikula kifuu kizima, akalamba kifuu, akalamba vidole, akaniuliza kama kesho nayo ni harusi. Shangazi alikula akitazama pembeni.

Nikampelekea mama mkwe. Nikapiga goti, macho chini, nikangoja achovye kidole kama kawaida yake, maana yule mama tangu nimjue hakula kilichopikwa na mtu mwingine kabla hajakijaribu kwa ncha ya ulimi. Akaniuliza, "Nani ameonja?"

"Mimi, mama."

Binti Mkumba akakata tonge kubwa, akatia mdomoni, akatafuna akameza. Hakujaribu. Hakungoja. Akakata jingine. Nimepewa vitu vingi katika maisha yangu, mwanangu, nimepewa mahari, nimepewa dhahabu, nimepewa kiti cha mbele katika shughuli za watu. Sijapewa kitu kikubwa kama tonge lile. Nililia mbele yake bila kuficha, na yeye akaendelea kula.

Mengine ni mafupi. Homa ilimwachia. Athumani alirudi mpunga wa mwaka uliofuata ulipoanza kuchanua, amebaki mifupa na meno, na kazi ya kumnenepesha ikawa yetu sote. Njia ya Mohoro ilipofunguka, aliyemtuma mtu akamletee bizari hakuwa mimi. Alikuwa Binti Mkumba, na alimwambia yule mtu kwa sauti ya chini alete nyembamba, ile inayonukia, si ile ya manjano, na asije akamwambia mkwe wake kwamba ndiye aliyeagiza. Yule mtu alinitafuta mimi kwanza.

Sasa nasaha yangu, na ushike vizuri.

Bizari itie mwisho wa kujua, si mwanzo. Samaki mnuse kwanza akiwa mtupu. Akiwa ameharibika, mtupe, usimpeleke kwenye viungo. Mchele uonje. Tui lionje. Chakula kizuri ukikitia bizari kinaongezeka uzuri, na chakula kibaya ukikitia bizari kinabaki kibaya, ila sasa hakuna wa kukuonya. Kaanga mwenyewe, twanga mwenyewe, na ile ya karatasi mpe paka wa jirani.

Na si jikoni tu. Utakuja kuambiwa maneno yamekaangwa vizuri, yananukia mpaka barabarani. Mchumba atasema, wakwe watasema, wenye magari na vipaza sauti watasema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno ulitoe viungo, ulitafune tupu, ukae kitako kivuli kisogee. Wale ndugu zetu wa vita vya Maji Maji siwacheki na sitaki mtu awacheke mbele yangu, kwa kuwa uchungu wao ulikuwa wa kweli na uliwaambia kweli: huyu Mdachi anatuua. Uchungu haukuwadanganya. Kilichowadanganya ni neno tamu lililokuja juu yake, kwamba risasi zitageuka maji, na hakuna aliyepata nafasi ya kulionja tupu kabla ya kwenda nalo.

Na siku ulimi wako ukikwambia bado, nawe umezungukwa na wakubwa wenye njaa wanaosema tia, sema bado. Sema kwa heshima, uombe radhi baadaye, lakini kapu lirudi mtoni. Anayekupenda atakula tonge lako siku moja bila kuuliza.

Unaisikia ile fimbo inayogonga sakafu kule barazani? Ndiye Siwema huyo. Meno hana, macho yamempungua, ila kila Ijumaa ananiletea kelele kwamba pilau inachelewa. Hebu inuka umpelekee sahani yake. Atakuuliza, "Nani ameonja?" Mwambie ni wewe, na iwe kweli.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa uchungu, akupe moto mdogo na subira ya kukaa nao, akupe nyumba inayonukia na watoto wanaoramba vidole. Na wifi yako akija kwako na njaa, akukute umekwisha kuonja. Amina.